Basi Halisahau Kazi Yake

Mimi sijawahi kumwelewa mtu anayelipa ili alale ndani ya gari. Sisi wa Ruiru tumelala ndani ya magari miaka yote kwa nauli ya kawaida. Tunasinzia Allsops foleni ikikwama, tunakoroma Githurai mvua ikinyesha, na makanga akisahau kutugonga bega tunazinduka Juja tukianza kutafuta nauli ya kurudi. Kwa hiyo shemeji, kaka wa mke wangu, aliporudi kutoka Marekani akatangaza mbele ya wazee na sahani za mukimo kwamba familia yetu sasa itakuwa inalala ndani ya basi, nilidhani anasimulia maisha yetu.

Kumbe alikuwa na mpango. Huko alikokuwa, alisema, watu hununua basi la shule lililostaafu, wanang'oa viti, wanaweka kitanda, jiko na choo, kisha wanazunguka nchi nzima. Usiku ukiingia wanapiga kona kwenye kiwanja maalumu. Unaonyeshwa nafasi yenye nambari, unachomeka waya wa stima kwenye kiguzo, unaunga bomba la maji upande huu na la maji taka upande ule, halafu unatoa kiti cha kukunja na kukaa nje ukiwatazama majirani, ambao nao wametoa viti vyao wanakutazama. Kampuni moja ya viwanja hivyo, KOA, ilianza mwaka 1962 kando ya mto huko Billings, Montana, na leo ina mamia ya viwanja.

Nikamuuliza: mtu ana nyumba, anaiacha imefungwa, anakwenda kulipia mahali pa kuegesha nyumba nyingine ili apate maji na stima?

"Shemeji, huo ndio uhuru," akaniambia.

Mimi ninaishi kwenye ploti ambayo maji huja yakijisikia. Nikiyasikia yanagonga bomba saa nane za usiku naamka nikimbie na ndoo. Uhuru wa aina hiyo ninao tayari, na sihitaji magurudumu.

Lakini mtu aliyetoka Marekani na dola hashindwi hoja. Alipata basi. Lilikuwa Isuzu la shule ya kibinafsi, la abiria hamsini na mmoja, la manjano kuanzia bampa hadi bampa. Wamarekani walikubaliana kuhusu manjano ya mabasi ya shule katika mkutano wa mwaka 1939 pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, nasi tukawafuata mwaka 2017 sheria ya trafiki iliporekebishwa. Shemeji alipoliona alitokwa na machozi. Alisema Marekani imemfuata hadi Ruiru. Mimi niliona basi ambalo watoto wamelitapikia kwa mihula isiyohesabika.

Alitaka kazi ifanyiwe Thika, na hapo sikumpinga, maana Thika na mabasi wanajuana. Leyland ilijenga kiwanda chake cha kuunganisha magari huko miaka ya sabini, kiwanda kilichokuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Desemba 2016 Volkswagen nao wakaanza kuunganisha Polo Vivo hapo hapo. Ila kiwanda hakimpokei mtu mwenye picha kwenye simu na mbao alizobakiza baada ya kujenga kibanda cha kuku. Tulikwenda jua kali.

Fundi aliyetupokea amejenga mabodi ya matatu maisha yake yote. Ujuzi wake wote ni kupata kiti mahali ambapo Mungu hakukusudia kiti. Kumwambia ang'oe viti vyote ilikuwa kumtukania taaluma. Alishika kiuno, akatazama ndani, akatazama nje, akamuita mwenzake aje asikie kwa masikio yake.

"Mnataka kubeba mizigo?"

"Hapana. Tunataka kulala."

"Mmefukuzwa nyumba?"

Shemeji akamwonyesha picha. Kitanda huku, sinki pale, meza ya kukunja, kabati juu ya dirisha. Fundi akazipitia kwa huruma, akarudisha simu. "Hapa kwa sinki," akasema, "naweza kuwatolea viti viwili." Tukakataa. "Basi kimoja cha kukunja." Tukakataa. Tulipokwenda kukagua kazi wiki iliyofuata tulikuta kitanda kizuri kabisa, sinki safi, na katikati ya kitanda na sinki kile kibao cha sambaza cha kumkalisha abiria wa ziada. Alikuwa pia ametia taa za zambarau darini na spika mbili kubwa chini ya kitanda, zote bila kuulizwa.

"Bila muziki watu hawataingia," akatueleza.

"Watu gani?"

"Abiria."

Ningemsikiliza vizuri siku ile. Yule fundi ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyeelewa basi ni kitu gani.

Makaratasi nayapita haraka. Ukibadilisha bodi ya gari lazima likaguliwe na rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, zibadilishwe, na shemeji aliyashughulikia mwenyewe, nami nampa haki yake. Rangi ndiyo iliyotushinda. Alipaka nyeupe juu ya manjano, na nyeupe ikakubali kila mahali isipokuwa ubavuni, pale ambapo shule ilikuwa imeandika kauli mbiu yake. Ukisimama juani unaisoma vizuri: JITAHIDI. Tulipoongeza rangi ikapungua kidogo. Ikinyesha inarudi.

Safari ya kwanza ilikuwa Ruiru hadi Thika. Ni kilomita ishirini hivi, usicheke. Shemeji alisema chombo kipya hujaribiwa karibu na nyumbani. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu, na shemeji kwenye usukani akiwa amevaa kofia ya Texas na miwani ya jua, ingawa jua lilikuwa bado halijaamua.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya 490,000 Ruiru. Nadhani nusu yao walikuwa stejini asubuhi ile. Tulikuwa tunapita tu. Lakini basi tupu linapopita stejini polepole si jambo ambalo binadamu wa Ruiru anaweza kuliachilia. Kijana mmoja alirukia mlangoni, akapiga bodi makofi mawili ya kitaalamu, akaanza: "Thika mia! Thika mia! Gari inaenda hii! Watu wawili!" Hatukuwa na hata mmoja, lakini alisema wawili, maana makanga ana hesabu yake. Shemeji akapiga honi kumfukuza. Honi ikawa ndiyo tangazo rasmi. Watu wakaanza kukimbia.

Tulitoka pale kwa taabu, na kijana akatufuata hadi mbele akidai pesa yake ya kutuitia abiria. Nikamwambia abiria wenyewe hatukuwabeba. Akasema hilo ni kosa letu, yeye kuita aliita. Nikalipa.

Hii barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa na Rais Kibaki Novemba 2012 tulidhani tumepewa uwanja wa ndege. Karibu kilomita hamsini kutoka Nairobi, njia nne upande huu na nne upande ule kule inakonenepa, madaraja ya juu na ya chini. Na kweli ukiwa ndani ya matatu huhisi kitu, kwa sababu abiria wenzako wamekubana pande zote, hata ungetaka kurushwa huna pa kurushwa. Ndani ya nyumba ni tofauti. Tulipofika tuta la kwanza kwenye njia ya pembeni, kabati la vyombo lilifunguka lote. La pili lilileta sufuria. La tatu, mke wangu alikuwa amejilaza kitandani kuonja uhuru, akajikuta ameketi kwenye kibao cha sambaza, na hapo kwa mara ya kwanza nikaona faida yake.

Toll ndipo tulipompata shosho. Kituo cha ushuru wa barabara kilichopapa mahali pale jina kilishaondoka zamani, lakini tabia ya kusimamisha magari ilibaki. Shemeji alipunguza mwendo tu, mlango ukafunguka wenyewe, maana fundi alikuwa ameufunga wa kuteleza kwa wepesi wa kibiashara, na shosho akawa ndani. Sijui alipandaje na kikapu cha nduma mkono mmoja na kuku hai mkono wa pili. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaketi kitandani.

"Kijana, hii gari viti viliibwa?"

"Shosho, hii si matatu," nikamwambia kwa adabu. "Hii ni nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya shemeji yangu, huyo anayeendesha."

Akamtazama shemeji kisogoni, akatazama sinki, akatazama jiko la gesi. "Sasa mwenye nyumba," akasema, "atamfukuza mgeni mlangoni?"

Nimefikiria swali hilo tangu siku ile na bado sina jibu. Ukisema ni gari, itabidi umbebe kwa sababu lina nafasi. Ukisema ni nyumba, itabidi umkaribishe na umpe chai. Mke wangu alikuwa tayari ameshawasha gesi.

Juja tulisimama ili shemeji afunge ule mlango kwa kamba. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu walimwona shosho dirishani ametulia na kikombe, wakahesabu kwamba gari linajaza. Wakaingia kabla kamba haijapatikana. Mmoja akauliza kama kuna Wi-Fi. Mwingine akachomeka simu yake kwenye soketi ya sola, ile ambayo mimi, mtu wa nyumba, nilikuwa nimekatazwa kuigusa hadi betri ijae.

Mbele kidogo ya Witeithie tukasimamishwa na trafiki.

"Habari ya asubuhi, dereva. Hili gari ni la abiria?"

"Hapana, afande. Ni la familia."

Afande akachungulia ndani. Akaona wanafunzi. Akaona kuku. Akamuuliza shosho kama sisi ni watu wake.

"Watu wangu kivipi?" shosho akasema. "Mimi nimelipa mia na sijapewa chenji."

Kumbe alikuwa ameweka noti chini ya sahani, karibu na sinki. Na kweli ilikuwepo. Hapo ndipo nilipojua shemeji amesahau Kenya, kwa sababu alianza kumweleza afande kuhusu viwanja vya Montana. Kubeba abiria wa kulipa bila leseni ya uchukuzi wa umma ni kosa ambalo halihitaji jiografia. Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alimrudishia shosho noti yake mbele ya afande, akatangaza kwamba kwetu mgeni halipi, akamuuliza afande kama atakunywa chai. Afande akakataa chai, akalizunguka basi mara mbili, akasoma JITAHIDI ubavuni, akabisha kwa kidole kwenye tangi la maji.

"Sasa hii ni matatu ama ni lojing'i?"

Hakuna aliyemjibu. Akasema twende, ila mwenzake amemaliza zamu na anaelekea Thika, tumpe nafasi. Kwa hiyo tuliingia Thika tukiwa nyumba yenye shosho, wanafunzi, kuku na askari wa trafiki aliyekaa kwenye sambaza akisifu muziki. Shosho aliposhuka alituachia nduma kubwa, akainua mkono akaombea: "Mungu aibariki nyumba hii, na aipe msingi."

Sasa pa kulala. Shemeji alitoa simu akatafuta kiwanja cha magari ya kuishi Thika. Simu ikafikiri, ikatupeleka gereji.

Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba Kenya ina viwanja hivyo tangu zamani. Vinaitwa Mlolongo, Maai Mahiu na Salgaa. Wanaolala humo ni madereva wa malori ya masafa marefu, wanaotoka Mombasa na shehena ya Kampala au Kigali, na kitanda chao kiko nyuma ya kiti. Hawana kiti cha kukunja wala muda wa kutazamana. Wako pia wazungu wanaotoka Cairo kwenda Cape Town na malori yaliyogeuzwa nyumba. Hao wanapita hapa kila mwaka, wanapiga kambi Nairobi na Naivasha, na hakuna anayewauliza kitu. Mzungu akilala ndani ya gari ni mtalii. Mkenya akilala ndani ya gari amekosana na mkewe.

Na kusema kweli Thika ilianza kupokea wasafiri wa nyumba za magurudumu kabla ya lami. Hoteli ya Blue Posts iko hapo tangu 1908, kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, na wapita njia wa siku zile walifika kwa mikokoteni ya ng'ombe. Elspeth Huxley, yule aliyeandika kitabu cha 1959 kuhusu Thika na miti yake, aliletwa na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, mwaka 1913 hivi, mkokoteni umejaa vyombo na vyakula. Tulikula mchana pale Blue Posts tukitazama maji yakishuka, na nikasema kwa sauti ya mtu anayependekeza tu: hapa kuna vyumba.

"Sisi tuna chumba," shemeji akajibu.

Kituo kimoja cha mafuta kilikubali tulale iwapo tutajaza tangi. Shemeji alipoangalia bei ya dizeli akakumbuka kwamba Makongeni tuna binamu.

Binamu anakaa ploti ya milango mingi yenye uwanja katikati wa kuanikia nguo. Basi liliingia uwanjani likachukua anga yote. Nguo zilizokuwa kambani zikabaki juu ya boneti. Tulichomeka waya wetu kwa binamu kupitia dirisha la jikoni, na heshima ya kiguzo cha Montana ikaonekana hapo hapo, maana mke wangu alipowasha maji ya moto, tokeni za binamu zilikwisha kabla hajapata povu. Nyumba ya binamu ikawa giza. Watoto wake, mkewe na jirani mmoja ambaye sijajua alihusika vipi wakahamia kwetu, kwenye taa za zambarau.

Choo sitasema mengi. Tulikuwa nacho, cha kisasa, cha gharama, ndani ya basi, na shemeji alitukataza kukitumia kwa sababu kikijaa hakuna pa kukimwaga. Huko kwao kuna bomba linalokisubiri. Hapa mwangalizi wa ploti alisema shimo ni la wapangaji tu na lori la kunyonya huitwa kwa mchango. Kwa hiyo tulitoka usiku na tochi kwenda choo cha ploti, ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mti ili usipotee, tukikipita chetu kikiwa kimefunikwa na kitambaa cha kusuka.

Saa tatu hivi akaja mzee wa Nyumba Kumi. Mpango wa Nyumba Kumi uliletwa na serikali mwaka 2013 ili majirani wajuane, na mzee huyu anauchukulia kwa uzito kuliko serikali yenyewe. Alikuwa na daftari. Nyumba zake alizijua zote, na usiku ule alikuwa amehesabu moja ya ziada.

"Mmehamia lini?"

"Hatujahamia, mzee. Tunapita."

"Mnapita na kitanda?"

Akatuandika. Kwenye nafasi ya nambari ya nyumba akaandika nambari ya gari, na kwenye kazi ya baba akaniangalia kwa muda, akaacha wazi.

Asubuhi niliamshwa na kikohozi. Si cha mtu wa ndani. Nilifungua pazia nikakuta foleni kutoka mlangoni kwetu hadi langoni, kina mama na wazee, baadhi wamebeba kadi za kliniki. Basi jeupe, mapazia, limefika usiku, limeegeshwa mahali pa wazi: kwa hesabu ya Makongeni hiyo haiwezi kuwa likizo. Ni huduma ya bure kutoka mahali fulani.

"Mnapima presha tu, ama na sukari?" akaniuliza wa kwanza.

Nilitaka kueleza. Mke wangu akanisukuma kando. Mama mkwe ana shida ya presha, na ile mashine tuliyomnunulia ilikuwa kwenye mfuko tukiipeleka kubadilishwa betri. Betri zilipatikana dukani. Kufikia saa nne alikuwa amepima nusu ya ploti, anaandika namba kwenye vipande vya karatasi na kumwambia kila mwenye presha ya juu aende zahanati leo, si kesho. Mzee wa Nyumba Kumi alipimwa pia. Yake ilikuwa juu. Akasema ilikuwa sawa hadi tulipofika.

Na shemeji? Shemeji alikuwa ametoa kiti chake cha kukunja, hatimaye, amekiweka nje ili akae kuwatazama majirani. Kilichukuliwa na wagonjwa. Walikipokezana hadi kikavunjika.

Ya maporomoko ya Fourteen Falls, tulikokwenda kutoka Makongeni, nayafupisha. Ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa unakwenda kilomita ishirini na kitu kisha unakata. Mto Athi unashuka pale kwa upana, pazuri mno kwa macho. Pua ni habari nyingine, kwa sababu mto Nairobi umeshaungana na Athi huko juu na kuleta kila tulichomwaga jijini. Watoto waliuliza kama lile povu ni sabuni. Niliwaambia ni historia yetu.

Kutoka hapo ukiinua macho unauona mlima wa Ol Donyo Sabuk, na shemeji aliuinulia macho. Ni hifadhi tangu 1967, shirika la wanyamapori, KWS, lina sehemu za kupiga kambi humo, na kwa mara ya kwanza katika safari yetu kulikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kulala nje ya nyumba yake kihalali. Kilele kina mita 2,145. Barabara ya kupanda kutoka langoni ni kilomita tisa hivi, na inataka gari la kuvuta magurudumu yote manne. Sisi tulikuwa na kabati, sinki, tangi la maji na spika za fundi. Basi lilishindwa na mwinuko hata kabla ya lango. Lilinguruma, likatetemeka, likarudi nyuma pole pole, JITAHIDI ikisomeka vizuri sana kwa vijana wa bodaboda waliokuwa wakitushangilia.

Mmoja wao alitueleza habari za McMillan ili kutupoza. William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani tajiri, mnene kupindukia, mwenye shamba kubwa chini ya mlima huo, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alitaka azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925, inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilichoka katikati ya mlima, wakamzika hapo lilipokomea. Kaburi liko hadi leo.

Shemeji alifurahi mno. "Unaona?" akaniambia. "Mlima huu una tabia ya kuwarudisha Wamarekani."

Sikumkumbusha kwamba yeye kwao ni Gatundu.

Tulirudi Ruiru usiku, na basi likaegeshwa kwenye ploti yetu "kwa muda," kwa sababu mahali pa shemeji hapana lango la kutosha. Mama mkwe akaja kuliona. Aliingia, akakaa kitandani, akajaribu sinki, akawasha taa za zambarau, akasema hajawahi kuona nyumba yenye madirisha mengi hivi na majirani wasio wa juu. Alituma aletewe nguo zake. Sasa ndiye anayeishi humo. Wazee wa kanisa humtembelea Jumapili, wawili kitandani na mmoja kwenye sambaza. Ni nyumba ya magurudumu isiyokwenda popote, na mimi ndiye ninayempelekea maji, maana tangi lake likikauka hunipigia honi.

Jumatatu mwangalizi alinigongea.

"Bosi, landlord amepita. Anasema hapa kila mlango hulipa. Na hiyo gari iko na milango miwili."

Nikampeleka nyuma nikamwonyesha kwamba wa pili ni mlango wa dharura, umeandikwa kwa herufi nyekundu, haufunguliwi ila kukiwa na ajali.

"Nilimwambia hivyo," mwangalizi akasema. "Akasema hata dharura hulipa. Na deposit ya mwezi mmoja kwa kila mlango."

Dirisha likafunguka juu yetu. Mama mkwe akatoa kichwa, akamsalimia mwangalizi vizuri, akamuuliza kama hiyo kodi ni pamoja na takataka.

"Takataka ni mia mbili kando, mama."

"Basi mwandikie yeye," akasema, akanionyesha kwa kidole, akafunga dirisha.